Bilauri ilikuwa jiwe kabla ya kuwa chombo

Kila Julai 7 inapokaribia, Siku ya Kiswahili Duniani, somo lilelile huanza kuzunguka redioni na kwenye simu zetu: usiseme glasi, sema bilauri. Glasi ni Kiingereza, bilauri ndiyo Kiswahili. Hapa Dar es Salaam watu hulisikia, wengine huwasambazia jamaa zao, na jioni mtu akisimama kwenye mashine ya juisi ya miwa anaagiza glasi kubwa yenye tangawizi na ndimu. Wapo wanaouona huo kuwa ukaidi, au dalili ya kuionea haya lugha yetu. Mimi sioni kosa la mnywa juisi. Kosa liko kwenye somo. Linatupa sababu isiyo ya kweli ya kulipenda neno zuri, na ile ya kweli linaiacha nje.

Bilauri nayo ni neno lililopokelewa. Limetoka kwa Waarabu, wanaosema billawr au ballur. Waajemi wanasema bolur, Waturuki billur, na wazungumzaji wa Kiurdu billaur. Ukiwauliza hao wote maana yake, watakutajia jiwe kabla ya kukutajia chombo cha kunywea. Ni lile jiwe tunaloliita fuwele: gumu, lisilo na rangi, ukiliweka juu ya maandishi unasoma kilicho chini yake. Na hata kwa Waarabu neno halikuzaliwa. Linafuatiliwa nyuma mpaka kwenye beryllos ya Wagiriki, na kutoka hapo mpaka veruliya ya lugha za kale za India, nchi iliyokuwa ikiuza vito vya namna hiyo hadi Rumi.

Kwa hiyo bilauri ina ndugu mahali ambapo hatungefikiria kuwatafuta. Berili, jiwe ambalo zumaridi ni aina yake mojawapo, ni ndugu wa damu, na zumaridi zinachimbwa hapahapa nchini, karibu na Ziwa Manyara. Berilio, elementi aliyoigundua Mfaransa Vauquelin mwaka 1798 ndani ya jiwe hilo, ni ndugu pia. Hata Brille, neno la Kijerumani la miwani, limo ukooni, kwa kuwa lenzi za mwanzo zilichongwa kutokana na mawe ya namna hiyo. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, ofisa aliyevaa Brille na mwenyeji aliyeshika bilauri walikuwa wakitumia matawi mawili ya neno moja.

Safari ya kutoka jiwe hadi chombo ilipita hatua mbili. Tangu kale mafundi walihangaika kupata kioo kisicho na rangi, maana mchanga wa kawaida una chuma ndani yake, na kioo chake hutoka na ukijani. Kipimo cha kioo safi kilikuwa fuwele, na kilichoikaribia kwa uangavu kikaitwa kwa jina lake. Wala hawakuwa wakijidanganya, kwa sababu fuwele na mchanga mweupe ni madini yaleyale, silika, ila moja limekua taratibu ardhini na jingine limeyeyushwa tanuruni pamoja na magadi na chokaa. Hata hivyo ukivishika vyote viwili utavitofautisha. Fuwele ni baridi zaidi mkononi. Ukiigusisha shavuni inavuta joto la ngozi upesi kuliko kioo. Kioo nacho, hasa cha zamani, ukikiinua mwangani unaona viputo vya hewa vya mviringo vilivyonaswa ndani wakati kikipoa. Fuwele haina viputo vya namna hiyo. Ikiwa na dosari, ni nyufa ndogo na utando kama wa wingu.

Hatua ya pili ni ya kawaida katika kila lugha: jina la mali ghafi kuhamia kwenye kitu kilichotengenezwa kwa mali hiyo. Bati ni madini, lakini fundi wa Mbagala akikwambia nyumba imebakiza bati tu, hana haja ya kueleza kuwa anazungumzia karatasi za kuezekea. Waingereza walifanya vivyo hivyo. Neno lao, glass, lilikuwa la kioo kwanza, likawa la chombo baadaye, na sasa wingi wake ni la miwani pia. Sisi tulipolichukua tulichukua chombo peke yake. Cha dirishani tumekiacha na jina lake la kioo, na sijamsikia Mswahili anayekiita glasi. Maneno haya mawili, bilauri na glasi, yamepita njia moja kwenye lugha mbili tofauti mpaka yakakutana kwenye chombo kimoja. Anayesema moja ni halali na jingine ni haramu anatenganisha mapacha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, anaeleza katika kitabu chake cha vito na madini kwamba fuwele iliyokuwa ikichongwa vyombo mjini Basra ililetwa kutoka visiwa vya Zanj na vya Dibajat. Dibajat ni Maldivi na visiwa jirani. Zanj ni sisi: ndilo jina ambalo Waarabu na Waajemi waliipa pwani hii ya Afrika Mashariki na watu wake. Wakati huohuo msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alifika Kairo mwaka 1047 na kuwaona mafundi wakichonga fuwele kwa ustadi mkubwa kwenye soko la taa, jirani na msikiti wa Amr. Aliambiwa kwamba fuwele nzuri ilikuwa ikipatikana upande wa Bahari ya Shamu. Katika soko hilohilo akaona pembe za ndovu kutoka Zanj, na Bahari ya Shamu ndiyo iliyokuwa njia ya mizigo yetu kwenda Misri.

Wanaakiolojia wamekuta ardhini kile alichokiandika al-Biruni. Vipande vya fuwele vimefukuliwa Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, katika uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980. Vingine vimepatikana kwa wingi Dembeni, kwenye kisiwa cha Mayotte katika visiwa vya Komoro, mji wa biashara wa zama hizohizo uliokuwa ukipokea mawe hayo kutoka Bukini, yaani Madagaska. Hii ni mali ghafi iliyopita mikononi mwa mabaharia na wafanyabiashara wa mwambao wetu, wakaipakia majahazini pamoja na pembe na ambari, wakasubiri upepo wa kusi uwapeleke kaskazini.

Huko kaskazini kazi iliyofanywa juu ya jiwe hilo bado inashangaza. Mafundi wa Misri ya Wafatimi, ukoo wa makhalifa uliotawala huko wakati huo, walitengeneza majagi ya fuwele kutokana na pande moja la jiwe, wakilichimba kwa ndani kupitia mdomo mwembamba mpaka ubavu ukabaki mwepesi, na kwa nje wakichora ndege na wanyama. Kosa moja la mkono na kazi yote inapasuka. Jagi lenye jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala kati ya 975 na 996, limo hadi leo kwenye hazina ya kanisa la San Marco, Venice. Jingine lilijitokeza kwenye mnada mdogo Uingereza mwezi Januari 2008, likidhaniwa kuwa jagi la mvinyo la Kifaransa la karne ya 19, na likakadiriwa thamani ya pauni 100 hadi 200. Lilipotambuliwa, liliuzwa London mwezi Oktoba mwaka huohuo kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Neno ambalo waandishi wa zama zile walilitumia kwa jiwe hilo ndilo hili ambalo sisi tunaliuliza kwenye mtihani wa msamiati na kuridhika na jibu la neno moja: glasi. Mtoto wa Temeke anapata alama yake na kwenda zake. Hajaambiwa kuwa jiwe lililoitwa bilauri huko Basra lilitoka upande wake wa bahari. Hili linaniuma, kwa sababu mtoto huyo amezoea kusikia kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu: vyombo vililetwa, nguo zililetwa, dini ililetwa, maneno yaliletwa. Bilauri ni ushahidi wa upande wa pili, kwamba mali ilitoka huku kwenda kuwa fahari ya makasri, na kwamba jina lilipokuja kukaa kwenye midomo yetu lilikuwa jina la kitu ambacho mwambao huu ulishakifahamu kwa karne nyingi.

Mwambao wenyewe haukuwa na jina moja la kioo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaoiombolezea fahari ya Pate, unazitaja taa za kowa na kuzi za kowa. Kowa ndiyo kioo katika lahaja ya kaskazini, na kuzi ni chombo cha kumiminia. Nyumba za mawe za matajiri zilikuwa na zidaka, matundu yaliyopangwa safu kwa safu ukutani, na humo viliwekwa vyombo vya kaure na vya kioo ili mgeni avione kabla hajakaa. Hapa Dar mtu asiyeweza kufika Pate anaweza kwenda Kunduchi, kwenye makaburi ya karne ya 18 yaliyo karibu na ufukwe, akaona jinsi watu wa mji ule walivyopachika mabakuli ya Kichina kwenye kuta na nguzo za makaburi ya wakubwa wao. Chombo cha mezani kilikuwa heshima ya kutosha kumsindikiza marehemu. Bilauri iliishi katika nyumba za namna hiyo. Mtu wa kawaida aliteka maji mtungini kwa kata ya kifuu cha nazi, akayanywa humohumo.

Historia hii haiko makumbusho tu. Iko Kariakoo, kwenye maduka ya vyombo, imepangwa rafuni na kufungwa kwa karatasi za magazeti. Angalia sinia tunalopakulia pilau shughulini: jina hilo ni Kiarabu, siniyya, maana yake ya Kichina, kwa hiyo kila tunaposogeza sinia mbele ya wageni tunaitaja China bila kujua. Finjani ya muuza kahawa imepita kwa Waarabu na kabla yao kwa Waajemi. Meza yenyewe ni ya Wareno, waliokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 na kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Karne mbili za mabavu, na walichotuachia nyumbani ni meza, leso, foronya, karata na kopo.

Kwenye kopo nasimama kidogo, maana ndilo linalonipa hoja nzito zaidi dhidi ya hukumu za haraka. Copo kwa Mreno ni glasi ya kunywea, hadi leo. Akiingia mgahawani Lisbon na kuomba copo ataletewa chombo cha kioo. Sisi neno hilo tunalo kwa karne nyingi, na tumelifanya letu kiasi kwamba limeacha kabisa kioo. Kopo la Mswahili ni la bati au la plastiki. Ni kopo la maziwa ya unga lililomaliza kazi yake ya kwanza likawa kipimo cha maharage sokoni, au kopo la kuogea linaloelea ndani ya ndoo. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimewahi kuwa na maneno matatu yaliyotoka kwenye chombo kimoja cha kunywea, la Kiarabu, la Kireno na la Kiingereza, na kila moja kimelipangia kazi yake. La Kireno kikalipeleka bafuni na sokoni. La Kiingereza kikalipa maisha ya kila siku. La Kiarabu kikalibakiza kwenye mashairi na kamusi. Hii si lugha iliyovamiwa. Ni lugha inayogawa kazi kwa maneno yake kama mwenye nyumba agawavyo vyumba.

Kwa nini kazi ya kila siku ikaenda kwa glasi? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye historia ya mji huu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, na laiti ungebaki mji wa pwani wa namna ya Lamu, huenda leo tungekuwa tunaagiza bilauri ya juisi. Lakini Dar es Salaam ikajazwa na watu kutoka kila pembe ya bara, ambao kwao chombo cha kioo hakikutoka kwenye kidaka cha babu. Walikikuta shuleni, bwalo la jeshi, hotelini, baa, kwenye nyumba za wazungu walikofanya kazi. Humo kiliitwa glasi. Na kilikuja kwa wingi na kwa bei nafuu, kwa sababu tangu karne ya 19 viwanda vilishajua kukibana kioo kwenye kalibu kwa mashine, fundi asipulize tena kimoja kimoja. Bilauri ilikuwa jina la kitu adimu. Kitu kilipoacha kuwa adimu kilikuja na jina lake jipya, na waliokipokea walikuwa wengi kuliko waliokijua zamani.

Kamusi hazikuitupa. Kuanzia ile ya Frederick Johnson ya 1939 mpaka zinazotolewa siku hizi, bilauri imo, na nawashukuru waliohakikisha imo. Wasanifishaji waliijenga lugha sanifu juu ya Kiunguja, na neno la nyumba za Unguja likapata kiti. Ila kuingia kamusini ni jambo moja na kutumika sokoni ni jingine. Muuza vyombo wa Kariakoo anayekugongea glasi kwa ukucha ili usikie mlio, uhakikishe haina ufa, hahitaji neno la pili. Anauza seti ya glasi sita na jagi lake, na mteja anaelewa.

Ninaposikia hoja kwamba glasi haina umbo la Kiswahili naikubali nusu. Ni kweli kwamba mwanzo wake, g na l zikiwa zimeshikana, ni mgumu kwa ulimi wetu, ndiyo maana wengi wanachomeka irabu na kusema gilasi, na mitaani utasikia grasi. Bilauri inatamkika bila kikwazo, silabi baada ya silabi, kana kwamba imetungwa na bibi wa Kizaramo. Wenye kutunga mashairi wanajua faida yake nyingine: mwisho wake ni ri, pamoja na bahari, johari, fahari, habari, nahari. Beti zima linaweza kujengwa juu ya kina hicho bila kulazimisha. Kwa mshairi, kuipoteza bilauri ni hasara ya kweli. Kwa muuza juisi si hasara, na hatuna haki ya kumsimanga.

Ninachokitaka kwa walimu, wahariri na wenzetu wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ni kuacha kulitetea neno hili kwa usafi ambao halina. Kamusi ikiandika asili yake isiishie kwenye alama ya Kiarabu. Iandike fuwele, iandike India, na itaje kwamba al-Biruni aliitaja Zanj miongoni mwa mahali jiwe lenyewe lilikotoka. Mistari mitatu inatosha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia wanaweza kuligawana somo hili asubuhi moja. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, na humo vimewekwa vitu vilivyofukuliwa Kilwa, shanga za kioo na vipande vya kaure. Kunduchi nako ni safari ya daladala. Mwanafunzi akiviona kwa macho yake hatakuwa na haja ya kuambiwa kwamba pwani hii ilikuwa na uhusiano na dunia.

Na mtihani ubadilike. Badala ya kuuliza maana ya bilauri na kuweka machaguo manne, kikombe, chupa, glasi, mtungi, ningependa mtahiniwa wa darasa la saba aulizwe hivi: taja vyombo vitatu vya nyumbani kwenu ambavyo majina yao yamepita Bahari ya Hindi, kisha eleza kimoja kati ya hivyo kilitoka wapi, kilipita wapi, na watu wa pwani walikuwa na mkono gani katika safari hiyo.